Mlango wa Nyuma Kushoto

Wiki iliyopita mwalimu wa fizikia alituletea maabarani mota ndogo, zile za rangi ya fedha zinazoenea kiganjani, tuziunganishe na betri tuone zikizunguka. Ya kundi letu ilikuwa mbovu. Ilitetemeka, ikalia kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa, halafu ikaanza kutoa harufu. Wenzangu walicheka wakijipepea na vitabu. Mimi niliomba ruhusa ya kwenda msalani, nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikalia. Mwalimu alidhani ni tumbo, nami sikumsahihisha. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nikianza kueleza jambo sauti inanipotea, na ninaanza kuomba radhi hata pale ambapo sijakosea. Ndiyo maana naandika.

Harufu ile, ya waya unaoungua pamoja na vumbi, naijua tangu nikiwa darasa la tatu. Ilikuwa inatoka ndani ya milango ya gari letu.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, nyeupe kwa jina tu, maana Voi kitu cheupe hukaa cheupe siku kinaponunuliwa tu. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, linaingia kwenye unga, kwenye masikio, kwenye kurasa za Biblia. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama aliuza ndizi sokoni, ndizi za Taveta, kwa hivyo kule nyuma ya gari kulinukia ndizi mbivu hata siku ambayo hakuna ndizi. Jumamosi gari lilikuwa la Mama. Jumanne na Ijumaa lilikuwa la Babu.

Babu alikuwa baba yake Baba. Maisha yake yote alikuwa ameishi Wusi, juu milimani, kwenye baridi na migomba yake na kishamba cha kabichi. Figo zake zilipokataa kazi ikabidi ateremke aje akae kwetu, kwa sababu mashine ya kusafisha damu iko Voi. Chumba changu kikawa chake, nami nikahamia kwenye kochi. Joto hakulizoea kamwe. Alilala sakafuni, kifua wazi, akisema saruji ndiyo kitu pekee katika mji huu chenye adabu. Na maji, ambayo mtu wa Voi huyanywa kama anavyovuta pumzi, yeye aliruhusiwa kikombe kimoja tu cha bati kwa siku, maana mwili wake haukuwa na pa kuyatolea. Alikuwa akikishika kikombe hicho kwa mikono miwili, anakunywa funda moja, anakirudisha dirishani na kukifunika na sahani.

Mkiniuliza nakumbuka nini zaidi kuhusu miezi ile, nitasema uchovu. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Baba alisahihisha madaftari kwenye korido ya hospitali, akarudi na chaki bado kwenye mkono wa shati, akalala mezani kijiko kikiwa mkononi. Mama aliamka kabla ya jogoo ili awahi sokoni na awahi kurudi. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Hata kugombana kunataka nguvu.

Sasa, milango. Gari lilikuwa na sentro loki, yaani dereva akibonyeza rimoti milango yote minne inajifunga au inajifungua kwa pamoja. Hiyo ilikuwa zamani. Wakati ninaousimulia kila mlango ulikuwa umezeeka kwa tabia yake. Wa mbele kushoto ulikuwa umekufa kabisa. Mama aliingilia upande wa dereva, akajivuta juu ya gia huku amekusanya leso yake, na akishaketi anasema, "Haya, nimefika," kama mtu aliyetoka Mombasa kwa miguu. Wa nyuma kulia ulifunguka kwa nje tu. Wa nyuma kushoto, upande wa Babu, ndio uliokuwa na wazimu. Ukiufunga unangoja kidogo, halafu ndani yake kitu kinalia, tiki-tiki-tiki, na kile kijiti cha loki kilicho dirishani kinashuka chenyewe bila mtu kukigusa. Kikishuka kinavishusha na vya milango mingine. Halafu ndipo harufu inakuja.

Ijumaa moja Babu alitoka kwenye mashine akiwa mnyonge kuliko kawaida. Baba alimlaza kiti cha nyuma, akaniketisha miguuni pake, akaacha kioo cha mbele wazi upana wa vidole viwili, akafunga mlango na kurudi ndani kuchukua dawa. Mlango ukangoja. Tiki-tiki-tiki. Vijiti vyote vikashuka.

Nilivuta kile cha Babu, kikapanda, kikashuka. Nikapanda kiti cha mbele nikajaribu cha dereva. Kila nikikiinua, kabla mkono haujafika kwenye kishikio, kimeshashuka. Nikainua tena. Vidole vilikuwa vimelowa jasho vikawa vinateleza, na jua la Voi la mchana limekaa juu ya bati kama sufuria iliyogeuzwa. Nikamuona mlinzi kwenye kivuli cha lango. Nikajaza kifua nipige kelele.

"Usiite watu," Babu alisema. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. "Njoo ukae. Wacha tupumzike kidogo kabla hawajaja."

Nilirudi nikakaa. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, ule usio na bandeji. Alikuwa ametulia kuliko nilivyomuona tangu aje kwetu. Mimi nikadhani ameogopa mpaka ameishiwa na maneno, kwa sababu mimi nikiogopa ndivyo ninavyokuwa, na sikujua kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa sababu nyingine.

Baba alitoka akatuona kupitia kioo, akaja mbio dawa zikimwanguka. Alifungua kwa ufunguo, akawa anasema pole, pole sana baba, pole, mpaka tukafika nyumbani. Babu alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa anaangalia nje tu, upande wa milima.

Jumanne iliyofuata Baba aliwasha gari mapema. Babu alikuwa barazani kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti, na hakuinuka.

"Mimi gari hilo sipandi tena," alisema, "mpaka huo mlango ufunguke kwa ndani, kwa mkono wangu mwenyewe."

Baba alijaribu. Alisema atashika mlango wazi mpaka mwisho, alisema dawa zitachukuliwa na mtu mwingine, alisema watoto wa shule wanangoja na mashine inangoja. Babu alisikiliza yote kwa heshima kama anayesikiliza habari za redio. Mwishowe Baba alikwenda barabarani akarudi na tuktuk. Mimi nikafurahi sana. Niliona kitu ambacho wakubwa hawakuwa wamekiona, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuona haya kukisema.

"Babu, tuktuk haina mlango kabisa. Hakuna kitakachokufungia."

Dereva wa tuktuk alicheka, akasema huyu mtoto atakuwa wakili. Babu alinitazama, na nilidhani amekubali.

"Ndiyo maana sipandi," alisema. "Chombo kisicho na mlango ni mkokoteni. Mimi si gunia la makaa."

Tuktuk ikaondoka tupu. Nyinyi mnaosoma pengine mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, nilikuwa na miaka minane. Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: mlango ukifunguka Babu atapanda gari, akipanda gari atafika kwenye mashine, akifika kwenye mashine hatakufa. Basi kila kitu kilikuwa ndani ya ule mlango. Nikaanza kuuombea. Wakati wenzangu wanaombea wazazi na mitihani, mimi nilikuwa namwomba Mungu aguse mlango wa nyuma kushoto.

Alasiri hiyo Baba alimwita Mwadime, fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na kibanda karibu na barabara ya Taveta. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alikuwa akizungumza na magari kuliko alivyozungumza na wenyewe. Aliegesha gari letu chini ya mwarobaini uani, akaweka sikio kwenye mlango kama daktari, akabonyeza rimoti. Alisema ni mota ya loki, vumbi limeingia limekula, na kwamba za milango mingine nazo hazina siku nyingi, kwa sababu mota hizi ni kama wageni sebuleni, mmoja akishaaga wote wanaanza kutafuta viatu vyao. Baba akasema basi wabadilishe zote. Vipuri vya gari la umri ule havikuwepo Voi. Vikaagizwa vya mtumba kutoka Mombasa, viletwe na basi.

Usifikiri ni kazi ya kufungua skrubu moja. Kwanza Mwadime na Baba walitoa skrubu za kishikio, halafu wakauvuta ule ubao wa ndani wa mlango, ambao umeshikwa na klipu za plastiki pembeni kote, na kila klipu ikiachia inalia kama mfupa. Nusu zilivunjika. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, na nyuma ya karatasi kulikuwa na giza. Nilichungulia. Miaka yote nilidhani mlango ni kitu kizima kama jiwe. Kumbe ndani ni mtupu, kuna vyuma vyembamba vinavyovutana na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Mwadime aliingiza mkono mpaka kwapani, akakunja uso, akapapasa, akatoa kile kitu. Kidude kidogo cha plastiki chenye mkono mmoja. Kilikuwa kinanuka vilevile.

Kazi yangu ilikuwa ya kujituma, hakuna aliyenituma. Nilikuwa natoka pale mwarobaini nakwenda barazani kumpa Babu habari. Babu, wametoa ubao. Babu, wametoa loki. Babu, Baba amejikata kidole. Nilikuwa nampelekea kama mtu anayepeleka chakula kwa mgonjwa, nikitaka aone tunavyokaribia. Naye alinipa jibu nirudishe. Mwambie baba yako asikaze sana, ile ni plastiki. Mwambie Mwadime aache kuimba, hata mgonjwa ana masikio. Mara moja alisema, "Milango minne mnaifungua, na mgonjwa ni mmoja," na Mwadime nilipomfikishia alicheka mpaka akaangusha spana ndani ya mlango, na ikachukua muda mrefu kuitoa.

Vipuri vya kwanza vilifika Alhamisi. Baba alivipokea kwenye kituo cha basi baada ya shule, akaja navyo kwa miguu akikimbia nusu nusu, tai yake begani. Mwadime alivigeuza mkononi, akavipima na vile vya zamani.

"Mwalimu, hizi za nyuma zote mbili ni za kulia," alisema. "Nikikuwekea hii hapa, ukisema fungua itafunga, ukisema funga itafungua. Utakuwa na gari la upinzani."

Baba hakucheka. Alikaa chini palepale, juu ya mzizi wa mwarobaini, na suruali yake ya kazini. Nilikuwa sijawahi kumuona Baba akikaa chini na suruali ya kazini. Halafu aliinuka akampigia simu mtu wa Mombasa, na hata hakupandisha sauti.

Miguu ya Babu ilikuwa imeanza kujaa. Jioni alikuwa ananiruhusu nibonyeze kifundo chake kwa kidole, na shimo la kidole linabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Tulifanya kama ni mchezo. Usiku alilala amekaa, kwa kuwa akilala chali pumzi inamkimbia. Nesi jirani yetu alikuja akampima, akazungumza na Baba nje ya lango kwa muda mrefu, na Baba aliporudi uani alipita karibu yangu bila kuniona. Ijumaa ya mashine ikapita kama Jumanne ilivyopita.

Jioni hiyo ya Ijumaa nilikuwa mlangoni mwa jikoni nikitenganisha ndizi zilizoiva na mbichi. Mama alikuwa anasonga kimanga, chakula cha kupondwa cha kwao milimani, kwa ajili ya Babu, ingawa Babu alikuwa anaonja tu siku hizo. Baba alisimama kwenye beseni akijaribu kutoa grisi kwenye kucha. Mama hakuinua uso.

"Unajua si mlango," alisema.

"Najua," Baba alisema. Akaendelea kusugua. "Lakini mlango ndio naweza."

Mama aliacha mwiko, akamwagia Baba maji mikononi kwa kikombe, taratibu, mpaka grisi ikatoka. 

Mimi nililala na neno hilo kifuani kama mtu aliyeiba. Si mlango! Basi kumbe tunafungua milango minne bure na kitu kibovu kiko kwingine. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Mwadime. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari, bisibisi katikati ya meno. Ilinichukua muda kupata sauti. Nikamuuliza, kama si mlango, basi ni betri?

Alitoa bisibisi mdomoni, akaniuliza nani amesema si mlango. Nikamwambia Baba na Mama. Mwadime alinyanyua macho akatazama barazani, pale Babu alipokuwa amekaa ameegemeza kichwa ukutani.

"Betri ni nzima, mama," alisema. Aliniita mama, vile watu wazima wanavyowaita watoto wa kike wanapowahurumia. Tangu hapo hadi anamaliza kazi hakuimba tena.

Vipuri vya kushoto vililetwa na basi la asubuhi. Wakafanya kazi mpaka alasiri, Mwadime na Baba, na siku hiyo Mama hakwenda sokoni. Wakafunga mota, wakaunganisha vile vyuma vyembamba, wakachomeka plagi, wakarudisha ubao na kuziba mapengo ya klipu zilizovunjika kwa gundi. Kisha Mwadime akampa Baba rimoti. Baba alibonyeza. Milango minne ilisema kitu kimoja, kwa sauti moja fupi, ka, na ikanyamaza. Akabonyeza tena. Ka. Hakuna tiki-tiki, hakuna harufu. Mama aliufungua mlango wake wa mbele, uliokufa zamani zile, akauangalia tu bila kuingia.

Nilikimbia barazani lakini Babu alikuwa tayari amesimama. Alikuja polepole na fimbo, miguu iliyovimba ndani ya malapa ya Baba. Hakutaka kushikwa. Aliingia kiti cha nyuma, akaufunga mlango. Tukaona uso wake nyuma ya kioo. Tukangoja, mimi nikiwa nimeshika sketi yangu kwa ngumi mbili. Kijiti kikabaki juu. Kisha kishikio kikalia, mlango ukafunguka kwa ndani, kwa mkono wake mwenyewe, na Babu akatoka.

"Umetengeneza vizuri," alimwambia Baba. Halafu akaomba maji yake.

Mama aliyaleta, kile kikombe cha bati, na siku hiyo kilikuwa bado kimejaa karibu chote. Babu alipiga funda. Nilidhani anakunywa. Hakumeza. Aligeukia mlango, akayapuliza yale maji juu yake, yakasambaa kama manyunyu. Akapiga funda la pili akapuliza chini, miguuni pa Baba. Katikati ya mafunda alikuwa anasema maneno kwa Kidawida, lugha ya kwao milimani, sauti ya chini, maneno mengi. Kidawida changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba chakula tu. Nilichoona ni Babu, ambaye hana maji ya kutosha kulowesha ulimi, anautemea mate mlango ambao Baba amejikatia kidole.

Niliwatazama wakubwa ili waseme kitu. Baba alikuwa amevua kofia. Mwadime alikuwa ameweka bisibisi chini na kusimama wima. Mama, ambaye ni mtu wa kanisa hasa na hapendi mambo mengi ya zamani, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona kwamba wote wameona aibu, na kwamba hakuna atakayefanya lolote, basi nikaenda na pindo la sketi yangu nikaanza kuufuta mlango.

Baba alinishika mkono. Hakunishika kwa nguvu.

"Acha," alisema. "Acha yakauke yenyewe."

Kikombe kilikuwa kimekwisha. Babu alimrudishia Mama, akaegemea gari kupata pumzi.

"Sasa nipeleke Wusi."

"Jumanne ni siku ya mashine, baba."

"Jumanne nitakuwa Wusi."

Baba alitazama rimoti mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwingine. Mama ndiye aliyejibu. Alisema atakwenda kumfungia nguo zake.

Mwaka jana ndipo nilipomuuliza Mama. Tulikuwa tunachambua maharagwe, na kwa Mama ni rahisi kuuliza kama mikono ina kazi. Aliniambia kwamba kule kulikuwa ni kutasa. Ni desturi ya watu wetu wa milimani tangu zamani: mtu mwenye neno moyoni juu ya ndugu yake, au mwenye kutaka kumwachilia, hupiga funda la maji au la maji ya miwa akalipuliza nje pamoja na maneno, ili hasira itoke isibaki mahali. Nikamuuliza Babu alisema nini. Mama alikumbuka kila kitu. Alisema Babu alikuwa na hasira kweli, hasira ya mtu aliyeondolewa kwake na kuwekwa kwenye joto na sindano, na hakuwa na wa kumkasirikia ila Baba, mtoto wake aliyemhangaikia kuliko wote. Basi akaitoa. Babu alisema, huyu mtoto wangu asije akajiuliza kama alinichelewesha. Alisema, amenifungulia. Na baadaye akawa anarudia jina la Baba, lile la utotoni, ambalo mimi hata sikujua ni jina lake.

Babu hakurudi Voi. Tulimzika Wusi kabla likizo ya shule iliyofuata haijafika katikati. Mazishi sitayaandika. Nitaandika tu kwamba kwa muda mrefu nilimkasirikia Baba, na nilikuwa na sababu zangu za kitoto: angeuacha mlango mbovu, Babu angebaki kwetu barazani. Nilikuwa nimeuombea mlango kwa bidii, nikaona Mungu na Mwadime na Baba wamenizunguka. Nilikuwa naingia ndani ya gari na kukaa upande wa kulia kila mara, hata kama kushoto kuna nafasi. Sikumwambia Baba kwa nini, na Baba hakuniuliza. Hiyo ndiyo nyumba yetu.

Lakini siku ile tuliyompandisha naikumbuka kwa namna nyingine. Ilikuwa Jumapili. Tulipita Mwatate na mashamba ya mkonge, kisha barabara ikaanza kupanda na kujikunja, na Babu akaomba kioo kishushwe. Hewa ilibadilika. Kwanza ikapoa kidogo, kisha ikaanza kunukia mikaratusi, kisha udongo uliolowa. Kila tulipopita kona alitaja mwenye shamba, na kama mwenye shamba ni marehemu alimtaja vilevile. Mama alikuwa mbele, ameingia kwa mlango wake mwenyewe kama mke wa waziri. Baba aliendesha polepole. Nilimuona kwenye kioo kidogo, macho mekundu, akipepesa mara kwa mara kufukuza usingizi.

Tulipofika Wusi, gari likasimama uani kwa Babu. Baba alishuka akazunguka upesi kuja kumfungulia, kama alivyofanya miezi yote. Alikuwa amefika kwenye boneti nilipoisikia sauti ya kishikio pembeni yangu. Mlango ukafunguka. Babu alitoa mguu mmoja, akapumzika, akatoa wa pili, akasimama kwenye udongo wake. Aliusukuma mlango nyuma yake ukajifunga bila kishindo. Baba alikuwa amesimama na mkono umenyooshwa nusu, hana cha kushika.

"Wewe pumzika," Babu alimwambia, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

Majirani walitoka, wakamzunguka kwa salamu ndefu za Kidawida. Mama aliingia jikoni kuwasha moto. Mimi nilibeba nguo za Babu, nikampelekea kiti, na alipokwisha kukaa na watu kupungua kidogo, aliniuliza Baba yuko wapi. Nilikwenda kumtafuta. Alikuwa amerudi kwenye kiti cha dereva, nadhani kuzima gari, maana ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. Kichwa kilikuwa kimeanguka upande, mdomo wazi, amelala usingizi wa kukoroma saa sita mchana, mbele ya kila mtu.

Nilirudi nikamwambia Babu kwamba amelala ndani ya gari.

"Milango ameifunga?"

"Hapana," nilisema. "Iko wazi."

Babu alivuta shuka magotini, akaangalia migomba yake.

"Basi mwache," alisema. "Usimwamshe. Na hao watoto wa jirani waambie wasicheze huko."

Nikaenda kuwaambia.